Wito wa Harambee kwa Ajili ya Darasa la Kujifanyia Wenyewe

Ndugu wapendwa, jamaa, marafiki na wahisani,

Kamati ya kikundi chetu cha kujifunza inawaletea salamu pamoja na ombi. Tunaomba mtuchangie ili Darasa la Kujifanyia Wenyewe, ambalo hadi sasa limeendeshwa kwa vifaa vya kuazima na kwa hisani ya walimu wanaojitolea, lipate vifaa vyake lenyewe, kijitabu chake, na posho ya muuguzi mkunga atakayesimamia masomo ya afya ya uzazi. Kabla hatujataja tunachohitaji, ni haki yenu kujua kinachofundishwa na sababu inayotufanya tuamini kwamba kinastahili fedha zenu.

Darasa hili limekusanya mambo ambayo kwa kawaida hayakai pamoja: kutengeneza sabuni na soda ya nyumbani, kushona taulo za hedhi za kufuliwa, kuziba pancha ya baiskeli, kuandika kalenda ya hedhi, kuchunguza mwili wako mwenyewe na kutambua dalili za hatari. Wapo wanaotuuliza iweje soda na uzazi vifundishwe chini ya paa moja, na swali lao si la kupuuzwa. Sisi tunaona kwamba yote mawili ni mambo ambayo watu wamezoea kuyapokea yakiwa tayari, soda kutoka kiwandani na habari za mwili kwa njia ya amri fupi fupi, bila kuelezwa sababu. Mtu aliyepewa maelekezo bila sababu huweza kuyafuata vizuri kabisa hadi siku hali inapobadilika, na siku hiyo hana pa kuanzia. Hatuna budi kuongeza, kwa faida ya wanaopenda ukweli usiopambwa, kwamba soda ina kazi nyingine pia: mtu anayeona haya kujiandikisha kwa somo la uzazi haoni haya kujiandikisha kwa somo la soda, na akishaketi darasani huketi kwa yote mawili.

Kanuni ya soda ni nyepesi. Hamira hula sukari, ikatoa kaboni dioksidi na kiasi kidogo cha alkoholi, na kwa kuwa chupa imefungwa, gesi hiyo haina pa kwenda ila kuyeyuka ndani ya kinywaji. Maelekezo yanayopitishwa kwa mdomo huishia hapo, yakiongeza tu kwamba chupa iachwe mahali penye joto kwa siku moja au mbili. Mwanafunzi wetu huongezewa hesabu. Gramu 4 za sukari zikichachuka zote huzaa takribani lita 1 ya gesi, na soda ya kawaida hubeba gesi yenye ujazo wa mara 3 hadi 4 ya ujazo wa kinywaji chenyewe. Kwa hiyo katika chupa ya lita 1, gramu 16 hivi zinatosha kuleta mapovu yote yanayotakiwa. Aliyetia gramu 80 ili kinywaji kiwe kitamu amefungia humo sukari inayoweza kuzaa karibu lita 20 za gesi, na asipoiingiza chupa kwenye jokofu kwa wakati ili baridi ipunguze kasi ya hamira, shinikizo litaendelea kupanda hadi chupa ipasuke. Ndiyo sababu hatutumii chupa za kioo kwa kazi hii. Tunatumia chupa za plastiki zilizoundwa kwa ajili ya vinywaji vyenye gesi, kwa kuwa zinastahimili shinikizo na ugumu wake hutambulika kwa mkono: chupa isiyobonyea tena huingia kwenye jokofu saa hiyo hiyo, hata kama siku mbili hazijatimia.

Ipo njia ya pili isiyotumia hamira, nayo ni kuchanganya bikaboneti ya sodiamu (baking soda ya jikoni) na asidi sitriki (asidi iliyomo kwenye ndimu) kwa uzani wa 4 kwa 3, ndani ya chombo kilicho wazi. Uwiano huo hautokani na mazoea ya mpishi fulani. Hutokana na ukweli kwamba molekuli 1 ya asidi hiyo hukamilishana na molekuli 3 za bikaboneti. Njia hii huacha ladha ya chumvi ambayo si kila mtu anaipenda, lakini inafundisha haraka kwa nini maji yanapaswa kuwa baridi: katika nyuzi 0 za Selsiasi maji huweza kubeba karibu mara mbili ya gesi yanayoweza kubeba katika nyuzi 20. Wanafunzi hufurahi pia kusikia habari za Joseph Priestley, ambaye mwaka 1767 aliishi jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, akatambua kwamba maji yaliyowekwa juu ya pipa la bia inayochachuka hupata mapovu, na mwaka 1772 akachapisha njia ya kutia gesi katika maji ili kila anayetaka aifuate. Faida ya biashara iliwaendea wengine.

Sasa tuje kwenye mwili, ambako ndiko sehemu kubwa ya mchango wenu itakakokwenda. Wengi hufika darasani wakiamini kwamba yai hutoka siku ya 14, kwa kila mwanamke na kila mwezi. Imani hiyo ni nusu ya kweli, na nusu hiyo imewapa watu mimba wasizozipanga. Katika miaka ya 1920, daktari Kyusaku Ogino wa Japani na daktari Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa utafiti wake, walionyesha kwamba kipindi kisichobadilika sana ni kile cha baada ya yai kutoka, yaani takribani siku 14 kuelekea hedhi inayofuata; kinachorefuka au kufupika zaidi ni kipindi kinachotangulia. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 huenda yai lake likatoka karibu na siku ya 21, na mwenye mzunguko wa siku 24 karibu na siku ya 10. Ongezeni hapo kwamba mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke, ilhali yai huishi muda usiozidi saa 24 hivi, nanyi mtaona kwamba mwenye mzunguko wa siku 24 anaweza kuwa katika siku za kushika mimba tangu siku ya 5, pengine hata damu haijakatika. Msichana aliyeambiwa kwamba wakati wa hedhi mimba haishiki hakudanganywa kwa nia mbaya, ila alipewa kanuni bila hesabu iliyoizaa.

Kalenda tunayoifundisha huanza na siku ya kwanza ya kutoka damu na huandikwa kwa miezi kadhaa kabla ya kusomwa. Mzunguko wa mtu mzima ulio kati ya siku 21 na 35 ni wa kawaida, na kwa msichana aliyeanza hedhi hivi karibuni hata siku 45 si jambo la kumtia hofu. Pembeni mwa tarehe huandikwa dalili mbili. Ya kwanza ni ute wa uke, ambao siku zinapokaribia yai kutoka huwa mwepesi, wa kuteleza na wa kuvutika mfano wa ute wa yai bichi. Ya pili ni joto la mwili linalopimwa asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, ambalo hupanda kwa takribani nyuzi 0.3 hadi 0.5 baada ya yai kutoka. Na kwa kuwa hupanda baada ya tukio, halimwonyi mtu mapema, humthibitishia tu kilichokwisha kutokea. Kipimajoto cha homa kisichoonyesha mabadiliko madogo namna hiyo hakifai kwa kazi hii, nasi tuna kimoja tu kinachofaa.

Tungependa lieleweke wazi kwamba kalenda haifundishwi darasani petu kama mbadala wa uzazi wa mpango. Kuhesabu siku peke yake hushindwa mara nyingi zaidi kuliko kipandikizi au kitanzi, na kila mwanafunzi huambiwa hivyo bila kuzungushwa. Kalenda hufundishwa kwa sababu mwanamke anayejua mwenendo wake hutambua mapema ulipobadilika, na kwa sababu swali la kwanza kliniki huwa ni lini hedhi ya mwisho ilianza, swali ambalo wengi hulijibu kwa kubahatisha.

Wanaume hawakai nje ya mlango. Wao hufundishwa hesabu hiyo hiyo ya siku, kwa kuwa mimba haiingii kwa hesabu ya mtu mmoja. Hufundishwa kujipapasa korodani baada ya kuoga maji ya moto na kwenda hospitali wakigundua uvimbe hata kama hauumi. Na hufundishwa kwamba mafuta ya kujipaka hudhoofisha kondomu za mpira hadi zikapasuka, jambo dogo ambalo wengi wa watu wazima waliopita mikononi mwetu hawakuwa wamewahi kulisikia.

Masomo mengine tutayapitia kwa haraka. Taulo za kufuliwa hulowekwa kwenye maji baridi kwa sababu maji ya moto hugandisha damu kwenye kitambaa, na hukaushwa juani, si uvunguni zinakofichwa. Katika sabuni, soda kali, ambayo si kinywaji bali kemikali inayounguza (sodiamu haidroksidi), humiminwa ndani ya maji na kamwe maji hayamiminwi juu ya soda kali, kwa kuwa mchanganyiko hupata joto ghafla na kuruka usoni. Maji ya kumwokoa anayeharisha huchanganywa kwa lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Chumvi ikizidi, dawa hugeuka kuwa madhara.

Kujifanyia wenyewe kuna mpaka, na mpaka huo ni somo kamili katika darasa letu. Hatumfundishi mtu kujitibu maambukizi, kutoa mimba, wala kuingiza dawa ya mitishamba ukeni. Hata kujisafisha ndani ya uke kwa sabuni tunakukataza, kwa sababu uke una asidi yake ya asili inayozuia vijidudu na sabuni huivuruga. Mwanafunzi hujifunza kwa moyo mambo ya kumkimbiza hospitali bila kungoja ushauri wa jirani: damu inayolowanisha taulo moja kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, damu yoyote wakati wa ujauzito, damu inayorudi baada ya hedhi kukoma kwa umri, na maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kuona ukungu kwa mjamzito. Aliyebakwa hujulishwa kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, ingawa kila saa inayopita huvipunguzia nguvu.

Hatuoni aibu kwamba waanzilishi wa darasa hili hawakuwa wataalamu. Wapo wengine waliotutangulia wakiwa katika hali kama yetu: mwaka 1969 wanawake wachache wa Boston nchini Marekani, ambao wengi wao hawakuwa na elimu ya udaktari, waligawana mada za afya yao, kila mmoja akazichunguza na kuwafundisha wenzake, na mwaka uliofuata wakachapisha walichokipata katika karatasi za bei nafuu. Kazi yao ilienea duniani. Hata hivyo nasi tumefikia mahali ambapo maswali ya wanafunzi yameshinda ujuzi wa walimu wetu, na kuendelea bila mtaalamu aliyesajiliwa itakuwa kuvunja somo letu wenyewe kuhusu mipaka.

Kwa hiyo hitaji la kwanza, linalotangulia mengine yote, ni posho ya muuguzi mkunga kwa muhula mzima. Hitaji la pili ni kuchapisha kijitabu chenye kurasa za kalenda, jedwali la vipimo na orodha ya dalili za hatari, ambacho mwanafunzi ataondoka nacho. Baada ya hayo vinafuata vifaa: vipimajoto vinavyosoma sehemu ya mia ya nyuzi, mizani ya jikoni inayopima gramu moja moja, jokofu dogo, cherehani, miwani na glavu za kinga kwa somo la sabuni, pamoja na vielelezo vya viungo vya uzazi vya mwanamke na mwanamume. Vielelezo hivyo ndivyo ghali kuliko vifaa vingine, na kama fedha hazitatosha tutaviacha kwanza, maana mchoro mzuri ubaoni unaweza kuvishikia nafasi kwa muda. Muuguzi hana kinachomshikia nafasi.

Fedha zote zitapokelewa na mweka hazina mbele ya mjumbe mmoja wa kamati, kila mchango utaandikiwa risiti, na hesabu ya mapato na matumizi itasomwa hadharani mwishoni mwa muhula, ikiwemo ile sehemu ambayo haikutumika kama tulivyopanga. Asiye na fedha anaweza kuahidi na kutimiza ahadi yake kidogo kidogo. Fundi cherehani, fundi baiskeli au mwalimu wa kemia anaweza kutuchangia saa zake. Wenye chupa tupu za soda za plastiki wasizitupe. Wazisuuze, wazilete na vifuniko vyake, ila tunaomba zisiwe zilizobonyea wala zilizowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa. Ahadi zitaandikwa na katibu kila siku ya mkutano hadi siku ya harambee, na anayependa kuketi darasani mara moja kabla ya kuamua kuchangia anakaribishwa bila masharti.

Wenu katika kazi,
Kamati ya Harambee