Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi: mashine ya kusoma ubongo na sauti za wazee wetu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, kamati ya skuli, wazazi na wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum.

Kwanza ahsante sana kwa kuja, na mvua hizi za masika ungeweza kutuma mwakilishi tu na tusingesema kitu.

Mwaka huu klabu yetu ilichukua mada moja tu, mashine zinazounganisha ubongo na kompyuta, na tulipoitaja mtaani watu wakaanza, mara huo uchawi, mara mtasomwa siri zenu nyie, na sifa ya Pemba kwenye mambo hayo mgeni rasmi unaijua mwenyewe, basi ikabidi tueleze kila baraza tunayopita.

Ukweli ni kwamba ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo mno, na hilo si jipya, daktari wa Ujerumani Hans Berger aliurekodi kwa binaadamu tangu 1924. Kipya ni kwamba sasa wanafungua fuvu wanaweka elektrodi, visindano vidogo vya kudaka umeme huo, pale pale panapotoka amri za mdomo na ulimi. Yuko bwana Marekani anaitwa Casey Harrell, ugonjwa wa ALS ulimmaliza misuli mpaka akisema haeleweki, 2023 madaktari wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakamuwekea elektrodi 256. Yeye anajaribu kusema kama kawaida, kompyuta inadaka zile amri, inazigeuza sauti moja moja halafu inapanga maneno, na matokeo waliyotoa 2024 yalikuwa usahihi wa kama asilimia 97 kwenye msamiati wa maneno 125,000. Na kilichotugusa sisi khasa, maneno yale yanatoka kwa sauti yake mwenyewe, kwa sababu walikuwa na rikodi zake za kabla hajaumwa. Hapo mgeni rasmi ndipo penye ombi letu, tutafika.

Je, inasoma mawazo? Kwa Harrell hapana, mpaka mtu ajaribu kusema. Lakini 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walidaka hata maneno ambayo mtu anayasema kimoyomoyo tu, usahihi ukafika asilimia 74 hivi, na wenyewe wakaona hatari wakaweka kufuli, mtu asipofikiria neno la siri kwanza mashine haitoi kitu. Kule Austin, Texas, 2023 walijaribu bila kupasua, kwa mashine ya MRI, ile kubwa ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili, mtu alale humo asikilize hadithi kama saa 16 ndio kompyuta imzoee, na bado ilipata maana ya juu juu tu, ya huyu haikufanya kazi kwa yule, na mtu akiamua kuhesabu kichwani ilipotea. Kwa hiyo anayeogopa mkewe atamsoma usiku, alale tu.

Ila ya mbele hatuyadharau. Chile waliingiza ulinzi wa ubongo kwenye katiba 2021, jimbo la Colorado kule Marekani likatunga sheria 2024, sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tungependa wakubwa waanze kuulizana mapema kuhusu taarifa za ubongo, kabla hivi vifaa vya kuvaa kichwani havijaanza kuuzwa madukani Chake.

Sasa jambo letu. Mashine zote hizo tulizozitaja zimefundishwa Kiingereza. Kompyuta haidaki kila kitu sawa sawa, inasaidiwa na maandishi na sauti nyingi ilizosomeshwa ili ikisie neno gani linafuata. San Francisco, Marekani, 2024 walishaonesha mashine ya mtu mmoja inayofanya kazi kwa Kispanyola na Kiingereza, kwa hiyo lugha nyengine inawezekana, lakini ikija huku mzee wa Kojani aliyepigwa kiharusi (si kila kiharusi kitafaa, inategemea kimepiga wapi) atasemeshwa kwa lugha gani? Hata Kiswahili cha redioni chenyewe si anachoongea yeye nyumbani.

Hatuombi mashine ya kufungua vichwa mgeni rasmi, hiyo hata serikali itasita. Tunaomba vinasa sauti viwili, laptopu moja ya kuhifadhia na bando la intaneti, tuzunguke turikodi wazee wakizungumza Kipemba chao, kwa ridhaa yao na watoto wao, wakingali na sauti. Mzee akija kuumwa sauti yake ipo, asipoumwa, inshaallah, lugha yetu imepata maneno ya kufundishia kompyuta. Na pia tunaomba barua kwa masheha, maana tulipojaribu kwa simu zetu wenyewe watu walidhani tunapeleleza mambo ya siasa, wengine wakafunga milango kabisa.

Tunaomba kuwasilisha.