Shukrani kwa mama wa benchi la kliniki
Mwanangu alipotimiza miaka mitatu bila kutamka neno, niliambiwa kila nilipokwenda kwamba amechelewa tu, na wengine wakanishauri nimpeleke kwa mganga. Mama mmoja, ambaye ameomba nisimtaje, alimwona akipanga vifuniko vya soda kwenye benchi la kliniki jijini Dar es Salaam, akanieleza usonji ni nini, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, akachana karatasi ya daftari na kuniandikia maswali ya kumuuliza daktari, kisha siku ya pili akanisindikiza hadi kitengo cha usonji cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto nikazungumze na walimu. Hakunidanganya kwamba ipo dawa ya kuponya, na hilo ndilo ninalomshukuru zaidi. Wazazi wenzangu, karatasi ile nimeinakili. Anayeihitaji asisite kuniomba, naye amnakilie mwingine.