Malalamiko Kuhusu Kompyuta Mpakato Isiyoona Mitandao ya Wi-Fi

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KOMPYUTA ISIYOONA WI-FI NA ADA YA KUPIGA WINDOWS NILIYOTOZWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika, mzigo wa Marekani, katika duka lenu la Kariakoo. Kabla sijaichukua nililipia fundi wenu aongeze RAM na kutoa diski ya zamani aweke SSD. Kazi ilifanyika palepale nikisubiri. Alipomaliza kufunga kava la chini, alibandika juu ya skrubu ile stika yenu ya rangi ya fedha, kwamba ikichanwa waranti imekufa. Stika hiyo naomba muikumbuke, nitairudia.

Tangu ifike nyumbani haioni mtandao. Simu yangu nikiiweka juu ya meza hiyohiyo inaonyesha Wi-Fi yangu na za majirani wa juu na wa chini. Kompyuta inasema hakuna mtandao uliopatikana. Nikiisogeza mpaka igusane na ruta, jina la mtandao wangu linajitokeza na kijistari kimoja. Nikirudi nyuma hatua mbili, limepotea.

Dada anayepokea simu zenu ana lugha nzuri, sina neno naye. Ila ushauri ulikuwa ni ule ule: zima, washa, angalia modi ya ndege. Kisha nikaambiwa ruta yangu mbovu. Kisha nikaambiwa Windows imeharibika, nikailipia ipigwe upya, na mashine ikarudi na ugonjwa wake vilevile. Sasa fundi anasema ni mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, na bei aliyonitajia inakaribia nusu ya bei ya kompyuta yenyewe. Hapo ndipo nimeona niandike.

Si mazabodi, wala haikuwa Windows. Kadi ya Wi-Fi inaonekana katika orodha ya vifaa kwa jina lake kamili, bila alama ya njano ya hitilafu, na imeandikwa kwamba inafanya kazi sawasawa. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, nimeiondoa na kuweka ya mtengenezaji mwenyewe. Huduma ya Windows inayosimamia Wi-Fi inawaka. Nimeiwasha kompyuta kwa Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows kabisa, na matokeo ni yale yale: karibu na ruta inaona, mbali haioni. Kama kosa lingekuwa la Windows, Ubuntu ingelijuaje? Kisha nikaazima adapta ndogo ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB. Kwenye Windows yenu hiyohiyo, ikaorodhesha mitandao yote ya jirani.

Fundi wenu alinitupia pia hoja ya chaneli, yaani vijia vya masafa ambavyo ruta hurushia Wi-Fi, kwamba mashine za Marekani hazisomi baadhi ya chaneli za huku. Ni kweli, mashine iliyopangiwa Marekani kwa kawaida haioni chaneli ya 12 na ya 13 kwenye masafa ya 2.4 GHz. Ruta yangu iko chaneli ya 6. Na majirani wote hawawezi kuwa wamejazana kwenye 12 na 13.

Kilichonimalizia shaka ni Bluetooth. Kadi hiyo ndiyo inayobeba Bluetooth pia, na spika yangu inakatikakatika mara nikiiweka upande wa pili wa meza. Wi-Fi inafika hatua mbili, Bluetooth haivuki meza: hizo ni dalili za kadi nzima isiyo na antena. Kutoka kwenye kadi hutoka nyaya mbili nyembamba, mara nyingi nyeusi na nyeupe, zinazopita kwenye bawaba hadi kuzunguka kioo. Ncha zake hubanwa juu ya vitufe viwili vya dhahabu vyenye ukubwa wa punje ya mtama, na zisipobanwa mpaka zilie "tiki", zinachomoka. Kwenye mashine nyingi, kadi hukaa jirani na pale SSD inapochomekwa, mahali ambapo mkono wa fundi wenu ulipita. Bila nyaya hizo kadi haifi. Inabaki kusikia kilicho puani tu.

Ndiyo maana dukani ilionekana nzima. Fundi aliijaribu kwa hotspoti ya simu yake, na simu ililala juu ya kibodi. Jaribio la namna hiyo hata kadi isiyo na waya lingeipitisha.

Sasa turudi kwenye stika. Haijachanwa, mtaikuta ilivyo. Aliyeingia ndani ya kompyuta hii mara ya mwisho ni fundi wenu, na nyinyi wenyewe ndio mlioweka ushahidi huo. Kwa sababu yake sijaifungua wala kumpa fundi mwingine, ingawa mtaani ni kazi ya dakika chache.

Ninaomba yafuatayo. Kompyuta ifunguliwe mbele yangu na nyaya za antena zirudishwe; kama zimekatika au kadi imeumia, zibadilishwe ndani ya waranti. Ada ya kupiga Windows irejeshwe, kwa kuwa nililipishwa tiba ya ugonjwa ambao haukuwepo. Na kabla ya kukabidhiwa, ijaribiwe kwa ruta iliyo chumba kingine, si kwa simu ya mtu.

Natunza vitabu vya wateja, na ritani za VAT haziwezi kuvuka tarehe 20 ya mwezi. Kwa sasa nazituma kwa bando la simu kupitia waya wa USB, gharama ambayo sikuipangia.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 7 za kazi. Nikikosa, nitapeleka lalamiko hili Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Wenu,
Mteja (jina na namba ya simu vipo kwenye risiti)

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD ya kompyuta, risiti ya kupiga Windows, picha ya stika, picha za skrini, moja kwa kadi ya ndani, nyingine kwa adapta ya USB, zilizopigwa kwenye meza hiyohiyo.