Ushindi wa Cubs haukutokana na mbuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya michezo iliyodai kwamba Chicago Cubs, waliotwaa ubingwa wa besiboli usiku wa tarehe 2 Novemba 2016, wamefanikiwa kuvunja laana ya mbuzi. Ninaishi Chicago mwaka wa 14 sasa, na neno hilo la laana limeniuma.

Ni kweli kwamba mwaka 1945 mwenye baa mmoja, Billy Sianis, alikwenda na mbuzi wake katika Wrigley Field, uwanja wa Cubs, akakataliwa, na inasimuliwa kuwa aliiapiza timu. Lakini wakati huo Cubs walikuwa wamekwisha kukaa miaka 37 bila ubingwa, kwani walishinda mara ya mwisho mwaka 1908. Kilichotuletea kombe ni kazi ya watu. Theo Epstein alipokabidhiwa uongozi wa timu mwishoni mwa 2011, alikubali kufungwa huku akikusanya wachezaji vijana. Mwaka 2012 tulipoteza mechi 101, na mwaka 2016 tulishinda 103 kabla hata ya kuingia hatua ya mtoano.

Fainali yenyewe haikuwa rahisi, kwa kuwa Cleveland, ambao nao hawajachukua ubingwa tangu 1948 na ambao nawaheshimu sana, walituongoza kwa mechi tatu kwa moja, na bingwa ni anayetangulia kushinda mechi nne. Katika mechi ya saba tulikuwa mbele 6–3, wakasawazisha katika mzunguko wa nane, kisha baada ya mzunguko wa tisa, ambao kwa kawaida ndio wa mwisho, mvua ikasimamisha mchezo kwa dakika 17. Ndipo mchezaji wetu Jason Heyward alipowakusanya wenzake katika chumba cha mazoezi akawatia moyo. Waliporudi uwanjani, Ben Zobrist aliupiga mpira kandokando ya mstari wa kushoto, nasi tukashinda 8–7. Mpira wa mwisho uliopigwa na Cleveland uliokotwa na mchezaji wetu Kris Bryant, ambaye mguu ulimteleza kwenye nyasi zilizolowa huku uso umejaa tabasamu, akamrushia Anthony Rizzo, naye Rizzo akautia katika mfuko wa nyuma wa suruali yake.

Wakati huo nilikuwa nikimfikiria mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu aliyekuwa akiishi ghorofa ya chini yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha mchezo huu, akinionyesha jinsi ya kuandika kila pigo kwa penseli katika karatasi yenye vyumba vidogo vidogo. Kila msimu ulipokwisha vibaya aliikunja karatasi hiyo taratibu na kuniambia, “Mwakani.” Alifariki majira ya baridi yaliyopita, akiwa na miaka 81, bila kuiona siku hii, kama ambavyo Ernie Banks, mchezaji aliyependwa kuliko wote hapa, alivyofariki Januari 2015 bila kuiona.

Ndiyo maana siku iliyofuata nilikwenda Wrigley Field, ambako watu walikuwa wakiandika kwa chaki, juu ya matofali ya ukuta wa nje, majina ya wazazi, mababu na ndugu zao waliotangulia. Nilitafuta tofali tupu kwa muda mrefu, kwa maana ya chini yote yalikuwa yamekwisha kujaa, nikalazimika kunyoosha mkono ili niandike jina la mzee wangu. Nilipomaliza, mama mmoja aliyesimama kando yangu aliniomba kipande cha chaki kilichobaki, akaanza kuandika jina la baba yake.

Wako,
Shabiki wa Cubs,
Chicago, Marekani