Shoga, vyerehani visubiri kwanza

Mtongwe, Likoni
Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza jikoni huku nakaanga samaki, na mama akausikiliza pamoja nami. Kasema Mwenyezi Mungu akuzidishie, na ukija usisahau udi kama ule wa mara iliyopita. Sisi hatujambo. Maji ya mfereji bado ni ya bahati yako, na feri ndiyo ile ile uliyoiacha, foleni na jua.

Sasa tuje kwenye vyerehani. Wasema umeweka akiba huko Doha na wataka kuwanunulia wasichana wa hapa mtaani vyerehani kumi, wajitegemee. Nia yako naijua tangu tuko madrasa, wewe ndiye uliyekuwa ukigawa kaimati mpaka ukabaki na sahani tupu. Lakini nakuomba ungoje kidogo, na nitakwambia kwa nini.

Vyerehani vimeshaletwa hapa. Kuna watu walikuja, jina lao tuliache, na turubai, fulana na mpiga picha. Wasichana wakapanga mstari, wakapewa, wakapigwa picha, wakapewa nauli. Kisha vyerehani vyote vikaenda kuwekwa kwa mama mmoja, kwa kuwa nyumba yake ndiyo yenye mlango wa chuma. Ufunguo anao yeye. Ukitaka kushona umpigie simu: leo yuko harusini, kesho yuko Ukunda kwa mkwewe, keshokutwa kichwa chamuuma. Viwili tukasikia vimeuzwa, vilivyobaki vimeshika kutu ya pwani hii. Na wale wasichana kushona walikuwa wakijua! Ila hakuna aliyewauliza watamshonea nani, na soko la Kongowea limejaa mitumba na madera ya tayari kwa bei ambayo fundi hanunulii hata kitambaa.

Kwa hiyo mimi siku hizi nikisikia mtu anakuja kuwezesha wenzake, swali langu ni moja: ufunguo utakaa kwa nani?

Chama chetu cha kuweka na kukopa sanduku lake ni la bati, lina makufuli matatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu wa nyumba tofauti, na mwekahazina hana hata mmoja. Utaratibu huu hatukuubuni sisi, ulianzia Niger mwaka 1991 kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE, na leo umeenea Afrika nzima. Tunakutana Jumapili baada ya alasiri, pesa zinahesabiwa mkekani mbele ya kila mtu. Kuchelewa faini. Simu kulia faini. Kusengenya hatujaweka faini, tungefilisika.

Yule mama wa viazi karai wa pale stendi unamkumbuka, wa ukwaju mzito. Hakusoma. Maisha yake yote pesa zake zimehesabiwa na wengine: mume, mtoto, muuza viazi. Alipojiunga alikuwa akikaa nyuma kabisa, akiitwa anatia hisa yake na dole gumba kitabuni, basi. Lakini sanduku lina desturi yake. Kabla halijafungwa tunatamka kwa sauti kiasi kilichobaki, kila mtu akishike kichwani, na mkutano unaofuata tunaulizwa kabla halijafunguliwa. Sasa Jumapili moja mwenyekiti akasoma daftarini: elfu kumi na nne na mia mbili. Mama wa viazi akainua kichwa. "Si hivyo, mwenyekiti. Ni elfu kumi na nne na mia tisa. Zile mia saba za faini zilitiwa mwisho, na aliyezitia ni mimi."

Watu kimya. Unamjua mwenyekiti wetu alivyo, na digrii yake. Makufuli yakafunguliwa, pesa zikamwagwa mkekani, zikahesabiwa mara mbili: 14,900. Hakuna aliyeiba, kalamu ilipitiwa tu, na mwenyekiti akaomba radhi palepale mbele ya wote. Shoga, ungemwona yule mama! Alijitia anatengeneza mtandio, kumbe anaficha tabasamu.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa muuza viazi wake akataka vipimwe kwenye mzani, si kwa debe lililobonyea. Nyumbani akamwambia mumewe pesa ya mtaji haiguswi, hata kwa deni la bodaboda. Bwana akanuna, akawa anakwenda kula kwa mamake. Aliporudi alikuta mtaji uko pale pale. Nakwambia haya kwa sababu hapo hakuna aliyempa kitu. Pesa zilikuwa zake, akili ilikuwa yake. Alipata tu mahali pa kusema hapana na watu wakamsikiliza.

Utaniambia mbona kuna mikopo ya serikali. Ipo, na si mibaya yote. Hazina ya Wanawake ipo tangu 2007, na mikopo yake kwa vikundi ilianza bila riba, ikikatwa ada ya usimamizi tu. Hata hivyo wenzetu wengi wanaogopa, wanasema ada ni riba iliyovaa buibui. Tulimwita ustadh akatueleza, wengine wakaridhika, wengine hawakuridhika, na tukakubaliana asiyetaka asilazimishwe. Ile hazina ya serikali ya Hustler ya kwenye simu, iliyoanza mwisho wa 2022, ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka, hapo hata mjadala haukuwepo. Lakini vijana wa maskani wameichukua karibu wote, na wengine sasa wamebadilisha laini wasidaiwe.

Na kuna zabuni. Tangu 2013 asilimia 30 ya manunuzi ya serikali yametengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mama wa pilau wa kule juu alikuwa akipikia mikutano ya maofisi miaka mingi bila kujua hilo: zabuni ilikuwa ya bwana mmoja mwenye karatasi, yeye akipewa ya mkaa na jasho. Katibu wetu akakaa naye saiba, kwenye duka la intaneti, mchana kutwa, wakafungua PIN ya kodi, wakasajili jina la biashara, wakaomba cheti cha zabuni hizo. Kazi yake ya kwanza kwa jina lake ilikuwa chai na mahamri ya mkutano mmoja. Malipo anayafuatilia mpaka leo! Sasa hapiki mpaka apewe nusu kwanza, na wapo waliokubali.

Usidhani haya ni mapya yaliyoletwa na semina za hoteli za Nyali. Bibi yangu alikuwa mtu wa lelemama, vile vyama vya ngoma vya wanawake wa pwani, na alikuwa akikasirika ukiiita ngoma tu. Mle mlikuwa na viongozi, vyeo, michango, sare na mashindano ya karamu baina ya chama na chama. Wanawake walijifunza kupanga, kukusanya pesa na kuamua mambo yao bila mwanamume kuingiza mkono. Mwisho wa miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa mji huu walikuwa na vyama vyao vya maendeleo, na wapo waliopeleka madai rasmi ya haki ya kupiga kura. Uzoefu wa kukaa vikaoni walikuwa nao zamani. (Na ugomvi pia, bibi aliwahi kukaa miaka hasemi na binamu yake kwa ajili ya leso za sare.)

Basi ombi langu ni hili. Wewe kazi yako huko ni stoo ya hoteli: unajua kinachoingia, kinachotoka, kinachooza, na sahani moja inagharimu kiasi gani kabla ya kuwekwa bei. Hapa hakuna anayejua hesabu hiyo. Mama wa viazi anauza kwa bei ya jirani, hajui kama mafuta yamemla. Tupe saa moja ya Jumapili kwa simu, tukuweke spika katikati ya mkeka, uwafundishe na wale wasichana wa cherehani.

Na pesa yako, kama roho yako haitulii mpaka itoke, njoo uingie chama kama sisi. Hisa zako zisizidi tano kwa mkutano, sawa na mama wa viazi, na ukichelewa kupiga simu faini ni yako. Wasichana wakitaka cherehani watakopa humo, wachague wenyewe cha umeme au cha miguu, au wasichague cherehani kabisa. Mmoja ameshaniambia yeye anataka friji ya kuuzia barafu na juisi.

Nijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu jina jipya lazima lisomwe mkutanini na mtu akupinge kama ana la kusema. Kuna mmoja anayekumbuka deni la mtandio wa harusi ya dadako. Lilipe kwanza.

Wasalaam,
shogako wa Mtongwe