Programu ya kuandikia barua yatosha kupamba treni ndogo

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu ndugu yetu wa Nakuru aliyeandika humu juma lililopita kwamba treni ndogo za kuunda ni mchezo wa wenye pesa, na kwamba asiye na programu za wachoraji hawezi hata kuweka namba ubavuni mwa behewa. Nilikuwa katibu muhtasi hapa Mombasa kwa miaka 31. Word na Excel ndizo nilizoandikia kumbukumbu za mikutano na orodha za mishahara, na ndizo ninazotumia leo, mimi na mjukuu wangu wa miaka 11, kutengeneza stika na shehena za treni yake. Programu nyingine sijawahi kuifungua.

Treni yenyewe aliletewa na shangazi yake kutoka Ujerumani: kichwa kimoja, mabehewa matatu bapa na reli ya duara. Mabehewa yalikuja matupu, na maandishi yake ni ya huko. Siku ya pili mtoto akaniuliza mbona treni yake haibebi makontena kama zile zinazotoka bandarini. Nikaona ana haki ya kuuliza.

Tulianza na hesabu. Kipimo cha treni hiyo ni 1 kwa 87, yaani kila kitu cha kweli unakigawa kwa 87. Reli ya SGR, ile ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, ina upana wa milimita 1,435. Gawa, unapata 16.5, na huo ndio upana wa reli iliyo sebuleni kwangu. Kontena la futi 20 lina urefu wa milimita 6,058, upana 2,438 na kimo 2,591. Kwenye Excel niliandika vipimo hivyo katika safu ya B, katika safu ya C nikaweka =B2/87, nikaburuta hadi chini. Zikatoka 69.6, 28.0 na 29.8. Mtoto huyu kugawanya shuleni humtoa machozi, lakini jioni ile alipima mlango, meza, hata kimo chake mwenyewe, akajikuta ana milimita 16.

Ukuta wa kontena ni bati lenye mawimbi. Mtaani kwetu kuna moja lililogeuzwa duka la nafaka. Tulisimama kando yake tukahesabu mawimbi 22 ubavuni. Nikarudi kwenye Word nikaunda jedwali la mstari mmoja na safu 44, upana wake wote sentimita 6.96, nafasi za ndani ya seli nikazifanya sifuri. Safu moja nikaipaka bluu, inayofuata bluu iliyokolea, hivyo hivyo hadi mwisho. Likichapwa kwenye karatasi ya manila na kukunjwa, ukilitazama kwa umbali wa mkono jicho linaona bati. Ndani tulitia nati nzito ya chuma, kwa sababu behewa jepesi huruka reli likifika kwenye kona.

Hapa ndipo nataka wasomaji wanisikilize vizuri, maana ndipo wengi hukata tamaa. Kontena letu la kwanza lilitoka na urefu wa milimita 67. Nilirudia hesabu mara tatu. Hesabu ilikuwa sawa. Kumbe kwenye stationari kijana aliiacha mashine ijipangie ukubwa wa ukurasa, nayo ikaupunguza ili pambizo zienee. Kwa barua hakuna anayegundua, ila kwa behewa umeharibikiwa. Tangu siku hiyo, chini ya kila ukurasa nachora mstari wa sentimita 10 kamili, na rula natembea nayo kwenye mkoba. Kabla sijalipa napima. Ukiwa 9.6, namwomba achape upya kwa asilimia 100.

Jambo la pili ni herufi. Sisi tuliopiga taipu tunajua kwamba namba ya fonti si kimo cha herufi kubwa. Pointi moja ni kama milimita 0.35, na herufi kubwa ya Arial huchukua karibu asilimia 72 tu ya namba ya fonti. Kwa hiyo herufi ya sentimita 30 kwenye behewa la kweli, ambayo kwa kipimo chetu ni milimita 3.4, inahitaji fonti ya 13.5, wala si 10 kama hesabu ya haraka itakavyokuambia. Word inakubali hiyo nusu.

Tatu ni rangi nyeupe. Printa za kawaida hazina wino mweupe, na mabehewa mengi yameandikwa kwa rangi nyeupe. Dawa yake ni kisanduku cha maandishi: unakijaza rangi ya behewa, herufi unazifanya nyeupe, na unachapa kwenye karatasi nyeupe, weupe unaouona ni wa karatasi yenyewe. Kazi iko kwenye kulinganisha rangi. Mimi huchapa jedwali la seli 12, kila moja imekolea tofauti kidogo, nikaliweka juu ya behewa dirishani asubuhi. Chini ya taa ya umeme rangi hudanganya.

Karatasi ya stika ya maji, ile unayoiloweka kisha utando ukateleza na kukaa juu ya behewa, ni nzuri mno ukiipata. Ukishaichapa kwa printa ya wino, ipake vanishi na uiache ikauke kabisa kabla ya kuiloweka, la sivyo wino utayeyukia majini. Na iliyotengenezewa printa ya wino usiitie kwenye mashine ya leza, joto lake litauyeyusha utando na kuharibu mashine ya watu. Usipoipata, chukua karatasi ya kawaida, ichape, igeuze, isugue nyuma kwa msasa laini polepole mpaka iwe nyembamba kama ganda la kitunguu. Ibandike kwa gundi nyeupe, na kingo zake uzipitie kwa kalamu ya rangi ileile. Watu waliofika kwangu wamepitisha kidole juu yake wasijue ni karatasi.

Shehena nyingine hazina gharama. Robota za katani tumezifanya kwa katani yenyewe, nyuzi za kamba ya zamani zilizokatwa na kufungwa kwa uzi. Mchanga ni wa ufukweni, umechujwa kwa chujio la chai. Turubai ni ukurasa wa kijani kibichi chenye vumbi, tunaukunjakunja mkononi kisha tunauvika juu ya mzigo.

Nina sababu yangu ya kung'ang'ania haya. Marehemu baba alikuwa dereva wa garimoshi kwenye reli ya zamani yenye upana wa mita moja, akiendesha zile Garratt za daraja la 59, vichwa vikubwa vya mvuke, kati ya Mombasa na Nairobi. Zilitengenezwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, zikapakwa rangi ya damu ya mzee, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ile namba 5918, Mount Gelai, bado iko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31, kwa hiyo yetu ya manila ina sentimita 36 hivi. Haitembei, imesimama juu ya kabati kwenye reli yake ya peke yake, kwani mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5 tu. Vibao vya jina na namba vimetoka Word. Mjukuu wangu hakumkuta babu yake mkubwa, lakini namba za vichwa vyake anazitaja kwa moyo.

Sasa tumekwama kwenye behewa la tangi la mafuta la enzi hizo. Picha nilizo nazo zimepigwa kwa pembe, na herufi zote zimepinda. Nawaomba jamaa za wafanyakazi wa reli, kuanzia Changamwe na Voi hadi Kisumu, wafungue albamu zao. Tunahitaji picha iliyopigwa ubavuni, sawasawa, namba zikisomeka. Nikijua urefu wa kitu kimoja tu ndani yake, vingine Excel itanipa. Nakala ya stationari yatosha, ipitie kwako Mhariri kama utaniruhusu. Picha yenyewe ibaki nyumbani kwao.

Katibu muhtasi mstaafu,
Changamwe, Mombasa.