Programu za simu zipimwe kabla ya msimu wa korosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu ubora wa programu za simu ambazo makarani wa vyama vya msingi na wakulima wa Mtwara na Lindi wanazidi kuzitegemea kila msimu wa korosho unapowadia.

Mzani wa ghalani hautakiwi kupima korosho ya mkulima mpaka Wakala wa Vipimo waukague na kuuthibitisha. Programu inayopokea uzito ule ule kutoka kwa karani na kuupeleka mbele hadi ugeuke kuwa malipo, sijasikia ikikaguliwa kwa kipimo chochote ambacho mkulima anaweza kuonyeshwa. Ikiganda, karani huambiwa azime kishikwambi na kukiwasha upya. Ikijifunga yenyewe, lawama zote hutupiwa mtandao. Hali hii hailazimiki kuendelea, kwa kuwa vipimo vya ubora wa programu vipo, na zana nyingi za kuvipata wasanidi, yaani watengenezaji wa programu, wanapewa bila malipo.

Katika chama kimoja cha msingi upande wa Newala, karani aliingiza uzito wa magunia ya mkulima aliyekuwa amesimama mbele yake, akabonyeza kitufe cha kutuma, skrini ikaganda. Akabonyeza tena, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Mtandao uliporudi, mzigo mmoja ukasomeka kuwa miwili, na masahihisho yakafanyika kwa kalamu huku foleni ikisubiri juani. Tatizo hilo lina tiba inayofahamika: taarifa ihifadhiwe kwanza ndani ya kishikwambi na kupewa namba yake ya pekee pale pale inapoandikwa, ili hata ikitumwa mara tatu seva iihesabu mara moja tu. Kwenye Android, kazi ya kusubiri mtandao urudi kisha kutuma ina maktaba yake maalumu, yaani kifurushi cha programu kilichokwisha kuandikwa, iitwayo WorkManager, ambayo msanidi hahitaji kuibuni upya. Kwa hiyo mtandao wetu ni dhaifu, nakubali, lakini programu iliyoandikwa kwa ajili ya Newala ilipaswa kulijua hilo tangu siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye kupima. Kwa programu zinazosambazwa kupitia Google Play, msanidi huonyeshwa takwimu ziitwazo Android vitals, zinazokusanywa kutoka kwenye simu za watumiaji walioridhia. Humo huonekana asilimia ya watumiaji wa siku ambao programu iliwajifungia wakiwa wanaitumia, na asilimia ya wale ambao iliwagandia, yaani waligusa skrini na programu ikakaa sekunde 5 bila kuitika. Google imeweka ukomo wa asilimia 1.09 kwa kujifunga na 0.47 kwa kuganda, na programu inayovuka hapo inaweza kupunguziwa nafasi ya kuonekana dukani. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 upo pia ukomo wa asilimia 8 kwa kila aina ya simu peke yake.

Huo ukomo wa mwisho ndio unaotuhusu zaidi sisi wa kusini. Wastani huficha mengi. Programu inaweza kupata alama nzuri kwa jumla kwa sababu wengi wa watumiaji wake wana simu zenye RAM kubwa, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, huku kishikwambi cha bei nafuu chenye RAM ya GB 2, ambacho ndicho kilichopo ghalani, kikijifunga kila karani anapofungua orodha ndefu ya wakulima. Kwa maoni yangu hata hiyo asilimia 8, ambayo ni karibu mtumiaji mmoja kati ya 12 kwa siku, ni kubwa mno kwa programu inayobeba jasho la mtu la mwaka mzima.

Jibu la msanidi kwamba “kwangu inafanya kazi” halina nguvu tena. Zana kama Firebase Crashlytics humletea mstari wa programu uliosababisha kujifunga, aina ya simu, toleo la Android na kiasi cha nafasi kilichokuwa kimebaki. Simu ya kuigiza iliyomo ndani ya Android Studio, zana ya kuandikia programu za Android, inaweza kupunguziwa RAM na kupewa mtandao wa polepole, hivyo hata aliye Dar es Salaam anaweza kuonja hali yetu kabla hajatuletea kazi yake. Hata hivyo, jaribio la mwisho lifanyike kwenye vishikwambi vyenyewe, mikononi mwa makarani wenyewe. Lakini ripoti za Crashlytics zisibebe jina la mkulima wala namba yake ya akaunti, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda yeye pia.

Vilevile tuache kurushiana programu za kazi kwa WhatsApp. Makarani wakiipata kwa njia hiyo, takwimu za Google Play hazimfikii msanidi ipasavyo, na baadhi ya vishikwambi hubaki na toleo la zamani lenye kasoro zilizokwisha kurekebishwa.

Ombi langu ni kwa vyama vikuu vya ushirika, kuanzia TANECU na MAMCU hadi RUNALI na Lindi Mwambao, na kwa taasisi yoyote inayowaagizia wakulima programu. Mkataba utaje aina za vishikwambi vitakavyotumika, utaje ukomo wa kujifunga na kuganda kwa kila aina, na ripoti ya kila mwezi isomwe mbele ya bodi kabla ya malipo ya mwisho kutolewa. Kwa kuwa minada huanza kwa kawaida Oktoba, upimaji uanze mapema, wakati wa ugawaji wa salfa na pembejeo nyingine, ambapo makarani tayari wanahakiki majina ya wakulima na kasoro ya programu bado haijagusa fedha ya mtu.

Msomaji wako,
Mwalimu wa kompyuta,
Masasi, Mtwara